Uwanja wa Kutendea Hujengwa na Nani?

Kila mwanafunzi wa fasihi aliyepita kozi ya sanaa za maonyesho anayajua mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Tunayaandika daftarini, tunayamwaga kwenye mtihani, tunapata alama zetu. Sina ugomvi na hayo manne. Swali langu ni moja tu, nalo ni la kihistoria: huo uwanja wa kutendea hujengwa na nani, na mtu huyo hulipwa nini? Nimemtafuta katika tahakiki zetu nikamkosa. Yumo mtunzi, yumo mwimbaji, yumo manju na waitikiaji wake, siku hizi yumo hata mtazamaji anayepiga vigelegele. Aliyebeba spika, aliyefunga turubai, aliyekaa mlangoni akichana tiketi hadi saa tisa usiku, hao hawamo.

Hoja ya makala haya ni kwamba watu hawa hawakusahauliwa kwa bahati mbaya. Tangu dansi lilipogeuka kuwa kazi ya kulipwa katika nchi yetu, aliyeweza kudai chake ni yule tu mwenye jina la kumfanya agombaniwe. Asiye na jina alibaki kibarua wa siku moja, na historia ya fasihi ikamfuata mwenye jina. Nitaanzia Mpanda. Ndiko nilikokulia, na pia, kwa maoni yangu, mji ule unalionyesha jambo hili waziwazi kuliko Dar es Salaam yenye kumbi na magazeti mengi.

Mpanda ilikuwa mji wa mgodi muda mrefu kabla Mkoa wa Katavi haujamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi kule Mukwamba, na kwa ajili ya madini hayo likajengwa tawi la reli kutoka Kaliua, urefu wa kama kilomita 210, lililofika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu wakabaki. Mji uliozaliwa kwa kazi ya mkono ukaendelea kuishi kwa kazi ya mkono: kilimo, mbao, mizigo ya stesheni, na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Kwetu mtu akisema anakwenda kutafuta kibarua hamna anayemcheka, maana nusu ya mtaa iko njiani kwenda huko huko.

Neno hili linastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa sisi watu wa fasihi tunajidai kuyajua maneno. Kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe anapodai ujira wake. Jina la karatasi likahama likawa jina la mtu. Wakati wa ukoloni kikaja kipande, kadi ya siku 30 za kazi: kila siku unayofanya inatiwa alama, zikitimia 30 ndipo unalipwa. Mtu asidhani nakisifu kipande. Wazee waliokionja kwenye mashamba ya mkonge hawakukisimulia kwa furaha. Nasema tu kwamba hata mkoloni, pamoja na unyonyaji wake wote, alikubali kuandika mahali fulani kwamba mtu huyu amefanya kazi. Kibarua wa maonyesho wa leo ana jina la karatasi, karatasi yenyewe hana.

Na vibarua si watu wanyonge kama tunavyowachora kwenye insha zetu. Wa kwanza kuitikisa Tanganyika walikuwa wale wa bandari ya Dar es Salaam. Kazi yao ilifanana sana na hii ninayoizungumzia: meli ikitia nanga wanaitwa, ikiondoka hawaitwi. Waligoma mwaka 1939. Wakagoma tena Septemba 1947, na mara hiyo mgomo ukapanda reli ya kati ukaingia bara. Kutoka katika harakati hizo vyama vya wafanyakazi vikakua, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, TFL.

Sasa tuje kwenye dansi. Mji mkubwa wa dansi unaofikika kwa treni kutoka Mpanda ni Tabora. Huko walikuwako Kiko Kids wa Salum Zahoro, walikuwako Nyanyembe Jazz, na walikuwako Tabora Jazz waliovuma miaka ya 1970 kwa sauti ya Shem Karenga. Bendi nyingi za enzi hizo zilianza kama vilabu, na vyombo, yaani magitaa, ngoma, saksafoni na spika, vilikuwa mali ya klabu au ya tajiri aliyeifadhili, si ya mpigaji. Hapo ndipo penye siri ya uchumi wa dansi letu. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo, aliondoka na koo lake na vidole vyake tu. Mapato yalikuwa ya mlangoni: kiingilio kinahesabiwa usiku uleule, mwenye vyombo anakata chake, mwenye ukumbi anakata chake, mafuta ya gari yanakatwa, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Redio ya taifa ilikuwa moja, nayo iliporekodi nyimbo iliwapa wanamuziki sifa kuliko fedha. Kwa hiyo maisha yote ya bendi yalitegemea usiku wa onyesho, na usiku wa onyesho ulitegemea vyombo kufika, kufungwa na kulia.

Mwaka 1964 likatokea jambo ambalo kila nikilifikiria nacheka peke yangu. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka ule, serikali iliivunja TFL na kuunda chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa hapohapo Waziri wa Kazi. Na mwaka huohuo chama kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Hebu angalia ndugu msomaji: mwajiri wa wanamuziki ni chama cha wafanyakazi, na mkuu wa chama ni waziri mwenye dhamana ya kazi. Ukiwa na lalamiko kuhusu ujira wako, unalipeleka kwa nani?

Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote. NUTA Jazz ilileta mshahara wa mwezi kwa watu waliozoea kugawana chenji za mlangoni, na hilo si dogo. Mfano huo ukaenea katika mashirika na vyombo vya dola: Polisi wakawa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa likawa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa nayo, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz. Mpiga gitaa akawa mwajiriwa. Lakini migomo yenyewe ilikuwa imekwisha kubanwa na sheria, kwanza ile ya mwaka 1962 ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kisha ile ya 1967 iliyoanzisha baraza la kudumu la kusuluhisha migogoro hiyo. Basi mwanamuziki akabuni mgomo wake mwenyewe: kuhama bendi.

Wahakiki na waandishi wa magazeti wamezoea kueleza kuhama bendi kama tabia, eti wanamuziki wana tamaa, hawatulii. Mimi nasoma tofauti. Mtazame Muhidin Maalim Gurumo. Aliingia NUTA Jazz mwaka 1964. Mwaka 1978, bendi ikiwa tayari inaitwa JUWATA Jazz, akaondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park iliyokuwa chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi kwenye bendi yake ya zamani, ambayo imepita majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Huyu si mtu asiyetulia. Huyu ni mfanyakazi aliyenyimwa silaha ya kugoma akaitumia silaha iliyobaki: sauti yake ilikuwa inagombaniwa, na kila alipohama aliweza kudai zaidi. Hata hivyo silaha hiyo haikumfikisha mbali. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kuimba, alisema hadharani kwamba hana hata baiskeli. Diamond Platnumz akampa gari mwaka huohuo. Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa ya heshima, nami siibezi, lakini fikiria nchi ambayo pensheni ya mwimbaji mkubwa inategemea huruma ya mwimbaji mwingine.

Kama Gurumo, mwenye jina lote lile, aliishia hapo, je, yule aliyekuwa akipakia vyombo kwenye gari la JUWATA? Hakuna bendi iliyowahi kumnyang'anya mwenzake mbeba spika kwa kumpandishia dau. Yeye hana pa kuhamia, kwa hiyo hana mgomo. Hapa ndipo njia za watu wawili waliopanda gari moja zinapotengana.

Gari hilo nalo lina historia yake, tena chungu. Tukizungumza hatari za kazi ya maonyesho tunafikiria jukwaa kuanguka au waya kupiga shoti. Katika Afrika Mashariki muuaji mkubwa wa kazi hii ni barabara. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, alikufa kwa ajali karibu na Mombasa Januari 1979. Machi 2011 basi dogo la kundi la Five Stars Modern Taarab, likirudi usiku kutoka maonyesho ya Nyanda za Juu Kusini, lilipata ajali eneo la Mikumi na kuua watu 13. Julai 8, 2019, wafanyakazi watano wa Azam Media walikufa kwa ajali kati ya Igunga na Shelui wakielekea Chato kurusha moja kwa moja uzinduzi wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ajali kila moja ina sababu zake, nami sina haki ya kumhukumu dereva yeyote. Lakini utaratibu wa kazi uko mbele yetu: onyesho linaisha usiku wa manane, kesho kuna mji mwingine, na usiku wa kulala hoteli hukatwa kwenye mapato. Katika mashairi ya maombolezo na habari za magazeti, ajali hizi huitwa mapenzi ya Mungu au pengo kwa tasnia. Sijasoma mahali zinapoitwa ajali za kazini.

Turudi Mpanda, tukiwa na historia hiyo mkononi. Mji wetu haujawahi kuwa na bendi ya kuzungumziwa kitaifa, kwa hiyo karibu kila onyesho kubwa linatoka nje, na kinachotoka ndani ni mikono. Mwaka 2017 Mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa mjini kwetu mwezi wa Aprili, na Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, ndiye aliyekuja kuzizindua. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka halaiki, nakumbuka vumbi lilivyomwagiwa maji kabla wageni hawajafika, nakumbuka watu waliopanga viti tangu alfajiri na kuvitoa jioni wakati sisi tumekwisha kula na kulala. Sijui walilipwa nini, na ndiyo hoja yangu: jina la mgeni rasmi nimelipata kwa urahisi, lao silipati popote.

Miaka miwili iliyopita, likizo ya chuo, nilifanya kazi hiyo mwenyewe. Alikuja mwandaaji mmoja wa tamasha la muziki, jina lake halina umuhimu, akatafuta vijana kumi na tano. Wavulana walipewa jukwaa na spika. Mimi na wasichana wawili tukawekwa mlangoni. Makubaliano yalikuwa shilingi 10,000 kwa kila mtu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka kazi iishe, bila karatasi yoyote. Msimamizi alikuwa na daftari la shule, akaandika majina kwa penseli.

Jioni ikanyesha. Fundi mitambo, mtu mzima tuliyemwita Kaka Fundi, akasema waya usiguswe mpaka pafunikwe. Msimamizi akamjibu kwamba watu wameshalipa kiingilio. Wavulana walikuwa na malapa; glovu ilikuwa jozi moja, nayo imetoboka kidole gumba. Mmoja wao akashika mahali pasipostahili, akarushwa, akaangukia mgongo. Alikaa chini ya turubai kama nusu saa, akanywa soda, akarudi kazini. Nilipomwuliza kwa nini asiende hospitali, alinijibu, "Dada, nikienda sasa hivi, jina langu linafutwa." Penseli, unaona.

Kufunga hesabu ilikuwa saa tisa usiku. Fedha za mlangoni zilipungua kulingana na watu waliohesabiwa ndani, kwa sababu msimamizi mwenyewe alikuwa akituonyesha ishara tuwapitishe jamaa zake bila tiketi. Upungufu ukagawanywa kwetu watatu. Nikapewa 4,000. Nilipouliza nikaambiwa, "Mdogo wangu, wewe ni msomi, hili litakuwa somo." Tukarudi nyumbani kwa miguu, wasichana watatu, mji umelala.

Nimelisoma hilo somo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema makato ya kufidia hasara hayaruhusiwi bila mfanyakazi kuelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea, na kwa vyovyote yasizidi robo ya ujira. Robo ya 10,000 ni 2,500. Mimi nilikatwa 6,000. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inapaswa kuongezewa angalau asilimia tano ya ujira kwa kila saa. Hata kama siku yangu nzima ingehesabiwa kuwa usiku, nyongeza hiyo ingekuwa shilingi 500, soda hainunuliki. Lakini ingekuwa imeandikwa mahali.

Kuandikwa ndiko kwenye tatizo. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, kisha kifungu hichohicho kinamwacha nje yule anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Tamasha la Mpanda ni siku moja, mbili zikizidi. Yaani deiwaka wa maonyesho ameachwa nje na mlango uleule uliojengwa kumwingiza. Ipo pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tena nzuri, lakini jukwaa linalosimama leo na kung'olewa usiku wa leo, mkaguzi atalikuta saa ngapi?

Wenye jina wao wamesogea hatua. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilizaa COSOTA, na Januari 2022 mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 iligawiwa kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Kwa hesabu ya wastani si fedha za kujengea nyumba, ila ni haki iliyotambuliwa. Hakimiliki, kwa asili yake, inamtambua aliyetunga na aliyetumbuiza. Aliyefunga spika hana mrabaha, wala hakuna anayeshauri awe nao. Yeye anachohitaji ni vitu vya zamani zaidi: ujira uliotajwa kabla ya kazi, glovu, viatu, gari la kurudi nyumbani, na mtu wa kumlipia hospitali.

Najua mhadhiri mmojawapo atasema hii ni sosholojia, si uhakiki. Mbona basi kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba kazi ya sanaa ni zao la jamii na tabaka zake? Tumechambua nyimbo za NUTA Jazz zilizowahimiza wafanyakazi wachape kazi, tukaandika "dhamira: umuhimu wa kazi", tusiulize kazi ya nani ilikuwa inaendelea nyuma ya jukwaa wakati wimbo unaimbwa. Halafu jambo hili linagusa fani pia. Ile sehemu ya pili ya wimbo wa dansi, chemko, magitaa yanapokamatana na watu kujaa uwanjani, redioni ilibanwa na muda, ukumbini ilirefushwa kadiri watu walivyotaka. Urefu ule tunausifu kama ubunifu wa bendi, na ni kweli. Lakini chemko la dakika ishirini ni dakika ishirini za jenereta, za mtu aliyekaa kando ya mitambo akinusa moshi, za msichana wa mlangoni ambaye haruhusiwi kuondoka.

Idara yetu nayo si malaika. Kila mwaka tunaonyesha mchezo, na kila mwaka kijikaratasi cha programu kinataja mwandishi, mwongozaji, waigizaji, na shukrani ndefu kwa wakubwa. Wanaobeba viti kutoka madarasani na kupanda juu ya meza zilizobebanishwa kufunga taa ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wafanyakazi wawili wa usafi, ambao hawalipwi chochote kwa saa hizo za ziada. Mwaka huu nimejitolea kuiandika programu hiyo. Majina yao nitayaweka ukurasa wa kwanza, kwa wino, pamoja na saa walizofanya kazi, na nimekwisha kumwandikia mweka hazina kuhusu ngazi na posho. Kamati ikikataa, nitaeleza sababu zao katika toleo lijalo.